Nanga, Amari na Njia ya Unyanyembe

Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi juu ya kutia nanga kwa usalama



Chombo kinapopotea safarini watu hukusanyika pwani, dua husomwa na habari hutangazwa. Chombo kinapopotea kikiwa kimetia nanga hapana tangazo. Mwenyewe huamka alfajiri akaikuta mashua yake imelalia ubavu juu ya mwamba, mbao mbili tatu zimeachana, au haionekani kabisa pale alipoiacha jioni. Pengine mabaharia walikuwa wamelala ndani yake. Pengine imeteremka na kuvigonga vyombo vingine viwili vilivyokuwa vimesimama salama, na hapo huanza ugomvi wa fidia ambao masheha wanaujua vizuri kuliko inavyofaa. Aghalabu husikika pale pwani maneno ya wahenga kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Maneno hayo yana mahali pake, lakini si kila mahali. Katika mikasa ya namna hii usukani kwa kawaida hauhusiki hata kidogo. Kinachokosekana ni kamba.

Mazungumzo haya yanahusu kamba hiyo, na kwa sababu itakayoonekana mbele yanaanzia mahali pasipo na bahari.

Itetemia imo katika Manispaa ya Tabora, ndani ya nchi ya Unyanyembe, na jina lake huambatana na historia ya watemi wa nchi hiyo. Kutoka huko hadi Bagamoyo ni karibu kilomita 700 kwa mstari ulionyooka, na hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, ni kiasi cha nusu ya masafa hayo. Ardhi yake imeinuka kadiri ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mtu aweza kuzaliwa huko na kuzeeka bila ya kuona amari ikikazwa na upepo. Hata hivyo, katika karne ya 19 hapakuwa na sehemu nyingi za bara zilizofungamana na Unguja kama hiyo. Muhammed bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alikaa Tabora na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na pembe, wakapanda na nguo, shanga na nyaya za shaba. Wapo waliobakia visiwani, na wengine wakaja katika karne iliyofuata kuchuma karafuu. Wajukuu wao wamo katika shehia hizi hizi, na baadhi yao ni wavuvi hodari.

Njia ile ilikuwa na sheria moja isiyoandikwa, nayo ni sheria ya bega la mpagazi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Kilichozidi hapo kilipunguzwa, kiligawanywa au kiliachwa. Sheria hiyo haikusamehe hata vyombo vya majini. Richard Burton na John Speke, waliofika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, mwezi wa Novemba 1857, walikuwa wamejiandaa na mashua ya chuma ya vipande iliyoitwa Louisa. Wapagazi hawakutosha, na mashua ikabaki nyuma. Walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 walikuwa na ziwa mbele yao na hawana chombo. Ikambidi Speke avuke kwa mtumbwi kwenda upande wa pili kumwomba mfanyabiashara wa Kiarabu jahazi lake, akarudi bila ya jahazi. Miaka 25 baadaye Edward Coode Hore, baharia wa Kiingereza aliyeingia katika kazi ya misheni, alifanikiwa palipowashinda wale wawili. Mashua ya feleji iitwayo Morning Star ilitenganishwa vipande, vikapakiwa juu ya magari ya kukokotwa na watu, ikapitishwa katika nchi ya Wanyamwezi na kufika Ujiji mwaka 1883.

Mtu aliyelazimika kulipia kila frasila alijiuliza swali moja tangu pwani mpaka ziwani: ni kipi kinachoweza kupunguzwa? Ubao wa mashua ukiachwa, mashua haipo. Tanga likikatwa nusu, kila mtu ataona. Kamba ndiyo inayopunguzika bila ya kuonekana, kwani amari iliyokatwa nusu, kwa macho, bado ni amari. Njia ya Unyanyembe imekwisha kazi yake, lakini swali lile lingali linaulizwa dukani. Mwenye mashua hununua mashine bila ya kupunguza hata nguvu farasi moja, hununua nyavu kamili, hununua rangi ya kuandikia jina. Anapofikia kamba ya nanga ndipo anapomwambia muuzaji, "Nikatie mita kumi na tano tu, zinatosha." Hapo ndipo chombo kinapopotea, ijapokuwa hasara yenyewe huja miezi mingi baadaye.

Imani iliyoenea ni kwamba nanga hushika kwa uzito wake. Imani hiyo ina chembe tu ya ukweli. Chuma kikizamishwa majini hupoteza kiasi cha moja ya nane ya uzito wake, na jiwe, ambalo wenye ngalawa wengi hulitegemea, hupoteza zaidi ya theluthi. Nanga ya kilo 15 haiwezi kwa uzito huo kuizuia mashua yenye tani mbili isisukumwe na kusi. Kinachoizuia ni ukucha wa nanga kuingia ndani ya mchanga au tope na kukaa humo, na ukucha hauingii wala haukai ila ukivutwa kwa ubavu, sambamba na ardhi ya chini. Ukivutwa kwenda juu, hung'oka. Na hivyo ndivyo nahodha mwenyewe anavyoing'oa nanga asubuhi, kwa kulisogeza gubeti mpaka liwe juu yake na kuivuta wima. Nanga iliyofungwa kwa kamba fupi hung'olewa usiku kucha na mawimbi, kidogo kidogo, bila ya mtu kuishika kamba.

Hesabu yake si ngumu. Hupimwa kina cha maji, hujumlishwa na kimo cha omo kutoka usawa wa maji hadi pale kamba inapopita, kisha jumla hiyo hulinganishwa na urefu wa kamba iliyotolewa. Kamba iliyokazwa, ikiwa ni mara mbili ya jumla hiyo, huinuka kutoka chini kwa pembe ya digrii 30, na hapo nanga nyingi haziwezi kushika. Ikiwa mara tatu, pembe hushuka hadi karibu digrii 20. Mara tano ni kiasi cha digrii 11 na nusu. Mara saba ni digrii 8 tu, yaani kamba inakaribia kulala. Kwa sababu hiyo mabaharia wa dunia nzima wamekubaliana juu ya mara tano kwa kusimama mchana katika hali njema, na mara saba kwa kulala usiku au upepo ukiwa na nguvu. Mwenye mnyororo mtupu aweza kupungukiwa kidogo, maana mnyororo hulala chini kwa uzito wake. Mwenye kamba ya plastiki ile inayoelea anajidanganya maradufu: kamba hiyo haitaki kulala chini hata ikiwa ndefu, na juu ya maji hunaswa na mapanga ya mashine za wenziwe. Kamba ya nailoni huzama na hunyumbuka, na mnyororo wa mita tano tu ukiungwa kati yake na nanga hubadilisha mambo kabisa, kwa kuwa huulaza mkono wa nanga na kuikinga kamba isikatwe na matumbawe.

Ikiwa pana jambo moja la kuchukuliwa nyumbani na wakaazi wa visiwa, ni kwamba kina cha jioni si kina cha alfajiri. Hapa Unguja maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita nne. Na ichukuliwe mashua iliyotia nanga saa nne za usiku, maji yakiwa yamekupwa, mahali penye kina cha mita tatu. Omo iko mita moja juu ya maji. Jumla ni mita nne, na nahodha ametoa kamba ya mita 16. Ni mara nne. Si vibaya sana, na mashua imetulia. Analala. Saa kumi za alfajiri maji yamejaa. Kina sasa ni mita saba, na pamoja na omo ni mita nane. Kamba ni ile ile ya mita 16, nayo imekuwa mara mbili tu. Upepo haukuzidi hata kidogo. Maji ndiyo yaliyozidi, na nanga imesimamishwa wima kama jembe linalong'olewa. Kwa bahati mbaya, siku za bamvua ndizo ambazo maji katika bandari ya Unguja hujaa karibu na saa hiyo ya alfajiri, usingizi ulipo mzito. Kwa mashua hiyo hiyo, mara tano ya mita nane ni mita 40, na mara saba ni mita 56. Atakayesema kamba hiyo ni ghali atafakari bei ya mbao, mashine na nyavu.

Wenziwe wa Ziwa Tanganyika hawana tabu hii, kwani ziwa halina kujaa na kupwa kwa namna ya kumshughulisha mvuvi, ingawa usawa wake hupanda na kushuka kwa misimu na kwa miaka. Tabu yao ni nyingine. Ziwa hilo lina kina cha kiasi cha mita 1,470, na duniani ni Baikal peke yake linalolishinda. Katika sehemu nyingi ufukwe wake huteremka kama ukuta wa nyumba, hivyo chombo hutia nanga karibu sana na nchi kavu, penye mteremko. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu huivuta nanga kwenda chini ya mteremko. Kila hatua inayoteleza maji huzidi kina, kila kina kinapozidi kamba huzidi kuwa fupi, na mwisho nanga huning'inia katika kilindi bila ya kugusa kitu. Dawa ya huko ni ya zamani: chombo kidogo hukokotwa hadi ufukweni usiku, na kikubwa hufungwa kwa kamba ya pili kwenye mti au mwamba wa nchi kavu. Tabia hii si ya ziwani tu. Mkondo wa bahari baina ya Pemba na bara una kilindi cha mamia ya mita, na wenye kutia nanga kwenye ukingo wa miamba ya magharibi ya Pemba wanajua jinsi kamba inavyoweza kulegea ghafla mkononi kwa kuwa chini hapapo tena.

Habari ya ardhi ya chini inahitaji maneno machache. Mchanga mgumu na tope zito hushika vizuri. Majani ya bahari hudanganya, kwani ukucha hukamata majani na nahodha akaridhika, kumbe haukufika mchangani. Wazee walipaka sabuni au shahamu chini ya bildi, wakaitupa, na walipoivuta juu walisoma kilichogandia. Hapana chombo cha kisasa kilichoshinda ubora wa dawa hiyo kwa bei yake. Matumbawe hushika mno, mpaka nanga isitoke, na yenyewe hufa. Ndani ya hifadhi ya Chumbe, iliyotangazwa mwaka 1994, kutia nanga juu ya matumbawe kumekatazwa, na hata nje ya hifadhi mvuvi anayevunja matumbawe anavunja nyumba ya samaki wake mwenyewe. Anayelazimika kusimama penye miamba afunge kamba nyembamba kwenye kitako cha nanga na chelezo juu yake, ili aiopoe kwa nyuma ikikwama.

Namna ya kutia nanga nayo ina adabu yake. Chombo huelekezwa upeponi, au penye mkondo mkali huelekezwa mkondoni, kikaachwa kipunguze mwendo mpaka kisimame na kuanza kurudi nyuma chenyewe. Hapo ndipo nanga inapoteremshwa, haitupwi. Nanga inayotupwa pamoja na lundo la kamba huviringwa na kamba yake yenyewe, na ukucha uliofungwa na kamba haushiki kitu. Chombo kinaporudi, kamba hutolewa polepole ipate kunyooka chini. Ikitoka mara tatu ya kina hufungwa kwa muda, chombo huachwa kiivute, na nanga ikishaingia ndipo kamba iliyobaki hutolewa. Mwenye mashine huirudisha nyuma kidogo kwa nguvu ndogo, kisha zaidi. Nanga ambayo haikushika kwa mashine mchana haitashika kwa dhoruba usiku, na ni afadhali kujua hivyo kabla ya kula. Kamba hufungwa omoni siku zote. Wapo waliofunga nanga tezini kwa kuwa mashine iko huko na kazi ni nyepesi. Wimbi moja likapanda juu ya tezi iliyoinamishwa na kamba, la pili likaijaza mashua, na hapakuwa na wimbi la tatu.

Baada ya hapo husubiriwa. Baharia huchagua alama mbili za nchi kavu, ubavuni mwa chombo, moja nyuma ya nyingine, kama vile mnazi na pembe ya paa la msikiti, na kuzitazama kwa robo saa. Zikiachana na zikaendelea kuachana upande mmoja, chombo kinateremka. Usiku, pasipo alama, hushikwa amari kwa mkono mbele ya gubeti. Kamba ya nanga iliyoshika hukaza na kulegea taratibu kama pumzi ya mtu aliyelala. Kamba ya nanga inayoburura hutetema, halafu hutulia, halafu hutetema tena, kwani ukucha unaruka juu ya ardhi. Anayehisi mtetemo huo asimwite mwenziwe kuja kuuhakikisha. Atoe kamba zaidi kwanza, na nusu ya safari nanga hushika upya kwa hilo peke yake. Ikikataa, hung'olewa na kutiwa upya mahali pengine. Kuongeza nanga ya pili juu ya nanga ya kwanza inayoburura kwa kamba fupi ni kuburura nanga mbili.

Ni haki kukiri kwamba ipo hali ambayo amari ndefu haina dhamana. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani ilipiga Unguja, jambo lisilo la kawaida kwa kisiwa kilicho digrii sita tu kusini ya Ikweta. Meli za Sayyid Barghash bin Said na majahazi mengi yaliyokuwa bandarini yalisukumwa na kuvunjika, na mashamba ya karafuu ya Unguja yakaangamia, ilhali Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa. Mwezi huo Dakta Livingstone alikuwa Kwihara, huko huko Unyanyembe, akisubiri watu na bidhaa kutoka Unguja, na Henry Stanley, aliyeagana naye tarehe 14 Machi, alikuwa njiani akishuka pwani kupitia nchi iliyofurika maji. Watu waliosubiriwa walifika Kwihara mwezi wa Agosti. Hivyo nanga zilizong'oka Forodhani zilikuwa na habari yake hata kwenye tembe za Unyanyembe, kwa kuwa bandari na njia ilikuwa kitu kimoja. Tufani ya aina hiyo ina hila moja inayostahili kukumbukwa. Huzunguka, na inapopita upepo hugeuka upande. Chombo kilichokuwa kimejikinga nyuma ya nchi kavu hujikuta kimefunguliwa mlango, na nanga iliyozikwa ikivutwa kaskazini huvutwa kusini na kupinduka ndani ya mchanga. Nanga inayopinduka huweza kushika tena, lakini ikiwa tu kamba ni ndefu.

Wapo wanaodhani habari za 1872 ni za vitabuni. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia, na safari za vyombo baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari mapema. Tofauti kubwa kati ya miaka hiyo miwili imo katika tahadhari hiyo: Sayyid Barghash hakuwa na wa kumwambia. Mwenye chombo anayeisikia redioni na kuamua kuongeza nanga badala ya kukipandisha chombo pwani au kukipeleka ndani ya hori penye mikoko amechagua vibaya.

Mkasa wa mwisho unarudi kwenye njia ile ile. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na bega la mpagazi likapumzika. Meli Graf von Goetzen, iliyojengwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913, ilivunjwa na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikateremshwa Dar es Salaam, ikapita Tabora kwa reli na kuungwa upya Kigoma, ambako ilielea mwaka 1915. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, huku mashine zake zikiwa zimepakwa grisi nzito kwa matumaini ya kurudi. Mto huo ndio uliowachelewesha wasafiri wote wa Ujiji, waliovuka kwa mitumbwi na kulipa hongo, na ndio unaopokea maji ya mvua za Unyamwezi. Wabelgiji, walioitwaa Tabora mwezi wa Septemba mwaka huo, waliiopoa meli baada ya vita na kuileta Kigoma. Hapo, ikiwa bandarini, haina safari wala adui, dhoruba ya mwaka 1920 ikaizamisha tena. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, kazi iliyoendelea kwa miongo mingi.

Meli hiyo ilistahimili kuzamishwa kwa makusudi kuliko ilivyostahimili mapumziko. Aliyekusudia kuizamisha aliifikiria kesho yake mpaka akapaka grisi. Chombo kilichosimama bandarini hakifikiriwi na mtu, na hapo hatari huwa kubwa kuliko katikati ya mkondo, ambako kila mmoja yuko macho. Ndiyo sababu chombo chenye watu, kikilala nje ya bandari, kinapaswa kuwa na zamu ya nanga. Mtu mmoja macho kwa saa mbili, ampishe mwingine, na zamu ya wakati wa maji kujaa apewe mwenye busara kuliko wote na si kijana mdogo kuliko wote, kama ilivyo desturi.

Wenye vyombo wanakumbushwa pia kwamba chombo kilichotia nanga usiku penye njia ya vyombo vingine huwasha taa nyeupe inayoonekana pande zote, na mchana hutundika tufe jeusi upande wa mbele. Hizo ni kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini. Karabai iliyofichwa ndani ya mashua kwa kuogopa upepo haimsaidii anayekuja. Nafasi ya kuzunguka ipimwe kabla, kwa sababu chombo chenye kamba ya mita 40 huchora duara kubwa upepo unapogeuka, na jirani mwenye kamba fupi hazunguki naye. Anayefika mwisho ndiye anayewajibika kujitenga. Atakayekiona chombo kikiteremka bila ya mtu na amwarifu sheha au kituo cha KMKM kilicho karibu, bila ya kungojea kujua ni cha nani.

Lipo moja dogo lililobaki, nalo limewaaibisha mabaharia wakubwa kwa wadogo. Mwisho wa amari, ule unaobaki ndani ya chombo, hufungwa kabla ya nanga kuguswa. Nanga nyingi ziko chini ya bahari pamoja na kamba zake nzima kwa sababu kila mmoja alidhani mwenziwe amefunga. Na ili nahodha asikisie urefu aliotoa, kamba ipimwe nchi kavu na kutiwa kitambaa kila mita kumi, chenye fundo moja kwa kumi, mawili kwa ishirini, na kuendelea, mafundo ambayo mkono huweza kuyahesabu gizani.